Jina Moja, Ndege Mmoja: Historia ya Kigong'ota Mkubwa wa Kuba na Funzo Lake kwa Kazi ya Istilahi

Katika kazi yetu ya kusanifisha istilahi tumezoea kuulizwa swali hili: kuna haja gani ya kuwatafutia ndege majina ya Kiswahili, kila spishi na jina lake, ilhali wananchi wameridhika na majina machache waliyorithi? Muulizaji huongeza kwamba yapo mambo ya haraka zaidi katika sheria, uhasibu na uganga ambayo bado yanangoja maneno. Swali hili ni la haki, na halijibiki kwa kaulimbiu. Katika makala haya tunakusudia kulijibu kwa kusimulia historia ya ndege mmoja, yaani kigong'ota mkubwa wa kisiwa cha Kuba, pamoja na ndugu yake wa kusini mwa Marekani. Tumemchagua kwa sababu habari zake zimeandikwa kwa muda wa karibu miaka 300, na ndani ya habari hizo yaonekana jinsi jina linavyoweza kuhifadhi kumbukumbu ya kiumbe, na jinsi linavyoweza kuficha kutoweka kwake.

Ndege mwenyewe

Kigong'ota, ambaye wengine humwita kigogota, anajulikana na wasomaji wetu. Jina lake limetoka katika sauti ya kazi yake: hugota na kugogota mti kutwa, akitafuta wadudu au akichimba tundu la kutagia. Vigong'ota wa Afrika ya Mashariki si wakubwa. Hata walio wakubwa miongoni mwao hawafiki urefu wa sentimita 30. Bara la Amerika, hata hivyo, lina jamii ya vigong'ota wakubwa mno, ambayo wataalamu wameipa jina la kisayansi la Campephilus. Jamii hiyo imeenea kutoka Meksiko mpaka ncha ya kusini ya Amerika ya Kusini, na spishi zake nyingi ni za misitu ya nchi za joto. Afrika haina hata mmoja wao.

Ndege tunayemzungumzia huitwa Campephilus principalis. Urefu wake ni kama sentimita 50 na uzito wake ni kama nusu kilo. Manyoya yake ni meusi yenye kung'aa. Mistari miwili myeupe hushuka kutoka shingoni hadi mgongoni, na sehemu ya nyuma ya mabawa ni nyeupe pia, hata anapotua juu ya shina huonekana kama aliyejifunika kitambaa cheupe mgongoni. Dume ana shungi jekundu. Jike ana shungi jeusi. Mdomo wake ni mweupe, mnene na mrefu. Mlio wake umefananishwa na sauti ya tarumbeta ndogo ya bati wanayochezea watoto. Aidha, kama ilivyo desturi ya wengi katika jamii yake, hugota mara mbili kwa haraka, pigo la pili likiwa hafifu kana kwamba ni mwangwi wa pigo la kwanza.

Chakula chake kikuu ni mabuu manene ya mbawakawa, ambayo huishi baina ya gome na mti. Mabuu hayo hupatikana kwa wingi katika miti mikubwa iliyokufa karibuni, ambayo gome lake bado limeshikamana na shina. Kigong'ota huyu hupiga gome kwa mshazari, akalibandua vipande vipande, akafikia chakula ambacho ndege wadogo hawana nguvu za kukifikia. Miaka michache baadaye gome hulegea, mabuu hao hutoweka, na mti ule huwa hauna faida tena kwake. Kwa sababu hiyo anahitaji msitu mpana wenye miti mizee, ambamo kila mwaka hufa miti ya kumtosha. James Tanner, aliyewachunguza ndege hawa huko Marekani kati ya mwaka 1937 na 1939 na kutangaza uchunguzi wake mwaka 1942, alikadiria kwamba hata katika msitu uliokuwa bora kuliko yote, jozi moja ilihitaji eneo la kilomita za mraba zipatazo 15. Msomaji akilishika jambo hili atafahamu mengi yanayofuata. Ndege huyu hakuwa mwingi hata zamani, na hakuweza kuishi katika mabaki ya msitu.

Majina ya vitabuni

Wenyeji wa Amerika walimjua ndege huyu karne nyingi kabla Wazungu hawajamwandika. Mwingereza Mark Catesby, aliyekaa Carolina kati ya mwaka 1722 na 1726, ameeleza kwamba midomo ya ndege huyu ilikuwa bidhaa ya thamani. Watu wa kaskazini, ambako ndege huyu hakuwako, waliinunua kwa watu wa kusini kwa ngozi mbili au tatu za paa kwa kila mdomo, wakaifanya mataji ya wakuu na mashujaa wao. Catesby alimchora ndege huyo, na katika kitabu chake akampa jina refu la Kilatini lenye maana ya kigong'ota mkubwa kabisa mwenye mdomo mweupe. Kwa kweli lilikuwa ni maelezo yaliyotumika kama jina.

Mwaka 1758 Carl Linnaeus wa Uswidi, ambaye hakupata kufika Amerika, aliuchukua mchoro wa Catesby akayafupisha maelezo yale kuwa Picus principalis, maana yake kigong'ota mkuu. Huo ndio utaratibu wa majina mawili ambao sayansi inaufuata hata leo: jina la kwanza huonyesha jenasi, la pili humtenga kiumbe na wenzake. Baadaye, mwaka 1840, ilipoonekana kwamba vigong'ota wote hawawezi kukaa katika jenasi moja, mkubwa huyu alihamishiwa katika Campephilus, jina lililoundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya mpenda viwavi.

Wa Kuba alipata historia yake pekee. Mwaka 1863 John Cassin wa Philadelphia aliona kwamba ndege wa kisiwani anatofautiana kidogo na wa bara, akampa jina la Campephilus bairdii kwa heshima ya mtaalamu Spencer Baird. Wataalamu waliofuata waliona tofauti hizo ni ndogo, wakamshusha cheo akawa nususpishi tu ya yule wa bara. Lakini mwaka 2006 ulitangazwa uchunguzi wa chembe za urithi zilizotolewa katika ngozi za zamani zilizohifadhiwa katika makumbusho, saba za ndege wa bara na tatu za ndege wa Kuba. Ulionyesha kwamba ndege wa bara, wa Kuba, na kigong'ota mkubwa zaidi wa milima ya Meksiko walitengana zaidi ya miaka milioni moja iliyopita, na kwamba kila mmoja yaelekea anastahili kuitwa spishi. Hivyo jina lililokuwa limewekwa kando tangu zama za Cassin likapata hoja mpya. Hapa pana jambo la kuzingatiwa na kila msanifu wa istilahi: jina lisilotumika lisifutwe katika kumbukumbu, kwani huenda siku moja likahitajiwa.

Kwa Kiingereza ndege huyu huitwa kwa jina lenye maana ya kigong'ota mwenye mdomo wa pembe ya ndovu. Tulipolijadili jina hilo tulipata faida tusiyoitarajia. Mdomo wa ndege hauna uhusiano wowote na jino la ndovu. Ni mfupa uliovikwa ganda la keratini. Hivyo ndivyo ilivyo pembe ya ng'ombe pia: mfupa ndani, keratini nje. Kwa Kiingereza neno la pembe ya ndovu halihusiani na neno la pembe ya ng'ombe; Kiswahili kinatumia pembe kwa zote mbili. Tukisema kigong'ota mdomo-pembe, tunahifadhi weupe ambao Waingereza walitaka kuutaja, na papo hapo tunasema kweli juu ya umbile la mdomo wenyewe. Kwa hiyo ndilo jina tunalolipendekeza, na tutalitumia katika makala haya.

Majina ya vinywani

Kusini mwa Marekani yuko kigong'ota mwingine mkubwa, Dryocopus pileatus. Tutamwita hapa kigong'ota-kofia, kwa kufuata maana ya jina lake la Kilatini. Yeye pia ni mweusi mwenye alama nyeupe na shungi jekundu. Ni mdogo kidogo kuliko mdomo-pembe, mdomo wake si mweupe, na anapotua mgongo wake huonekana mweusi mtupu. Lakini kwa mtu anayemwona kwa mbali, akipita upesi baina ya miti, tofauti hizo ni chache. Wananchi wa huko waliwaita wote wawili kwa majina ya mshangao, kama vile mtu anayemtaja Mola kwa kustaajabu. Jina moja, basi, likawa na ndege wawili ndani yake.

Madhara ya jambo hilo yalionekana baadaye. Kigong'ota-kofia anaweza kuishi katika misitu michanga na hata kando ya miji, mdomo-pembe hawezi. Misitu mizee ya mabonde ilipokatwa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, mdomo-pembe alikwisha mahali pamoja baada ya pengine, lakini jina liliendelea kutajwa, kwa kuwa mwenziwe alikuwapo. Upande wa pili, aliyemwona mdomo-pembe kwa kweli hakusadikiwa, kwa kuwa wasikilizaji walidhani amemwona kigong'ota-kofia.

Mfano mkubwa ni wa mwaka 1932. Mason Spencer, wakili na mwanasiasa wa Louisiana, aliwaambia maofisa wa wanyamapori kwamba midomo-pembe wangalipo katika msitu wa mto Tensas. Hawakumsadiki. Akapewa kibali, akaingia msituni, akampiga risasi dume mmoja, akamleta. Ndege wa spishi iliyokuwa imedhaniwa kwamba imekwisha ikabidi auawe ili ithibitike kuwa jina limetajwa kwa haki. Mwaka 1935 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cornell walifika katika msitu huo, wakawapiga picha za sinema na kuhifadhi sauti zao. Kumbukumbu hizo zipo mpaka leo. Mwaka 1939 Tanner alikadiria kwamba nchi nzima imebakiwa na ndege kati ya 22 na 24. Msitu wenyewe ulikatwa kwa ajili ya mbao, na mwaka 1944 alionekana humo jike mmoja aliye peke yake. Huyo ndiye wa mwisho ambaye wataalamu wote wanakubaliana juu yake kwa upande wa Marekani.

Ubishi haukwisha. Mwaka 2005 kundi la wataalamu lilitangaza kwamba mdomo-pembe amepatikana Arkansas, likitegemea pamoja na mengine picha fupi ya video iliyopigwa mwaka 2004. Wengine wakajibu kwamba picha ile ni ya kigong'ota-kofia. Mwaka 2023 serikali ya Marekani ilipoziondoa spishi 21 katika orodha ya viumbe vilivyo hatarini kwa kuwa zimetoweka, mdomo-pembe hakutiwa katika hizo, kwa sababu hoja zilikuwa bado zinapingana. Karibu miaka 80 baada ya jike yule wa mwaka 1944, mabishano yalikuwa bado ni yale yale: ni ndege yupi aliyeonekana?

Jina lililoshika maana moja

Sasa tuvuke bahari tuingie Kuba. Kigong'ota kwa Kihispania cha huko ni carpintero, yaani seremala. Juu ya neno hilo moja Wakuba wamejenga majina ya vigong'ota wao wote kwa kuongeza kivumishi. Yuko carpintero verde, seremala wa kijani. Yuko carpintero jabado, aliye wa marakaraka. Yuko carpintero escapulario, mwenye alama nyeusi kifuani, na carpintero churroso, ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa Kuba. Yuko carpintero de paso, mpita njia, anayekuja wakati wa baridi na kurudi kaskazini. Na juu ya wote alikuwapo carpintero real, seremala wa kifalme, ambaye ndiye mdomo-pembe. Kigong'ota-kofia hayuko Kuba wala hapana ndege mwingine wa kisiwa hicho anayeweza kudhaniwa kuwa mdomo-pembe. Kwa hiyo mkulima aliposema carpintero real, jina lilikuwa na ndege mmoja tu.

Zamani mdomo-pembe aliishi sehemu nyingi za kisiwa hicho, mabondeni na milimani. Misitu ilipofyekwa kwa ajili ya mashamba ya miwa, malisho na mbao, alisukumwa hadi milima ya mashariki, akaishi katika misonobari na miti mingine mikubwa. Mwaka 1948 John Dennis na Davis Crompton walimkuta huko na kumpiga picha. Mwaka 1956 George Lamb alihesabu ndege 12 au 13, akapendekeza mpango wa kuwahifadhi. Mpango huo haukutekelezwa. Mwaka 1986 wataalamu wa Kuba, miongoni mwao Giraldo Alayón na Alberto Estrada, na baada yao wageni wakiongozwa na Lester Short, waliwaona ndege wachache mahali paitwapo Ojito de Agua. Serikali ya Kuba ikasimamisha ukataji wa miti katika eneo hilo. Mwaka 1987 alionekana tena jike mmoja, basi. Martjan Lammertink na Estrada walitafuta mwaka 1991 na 1993 wasipate kitu, na mwaka 1995 wakaandika kwamba yaelekea kwa yakini ndege huyu ametoweka Kuba. Msafara wa mwaka 2016 nao ulirudi mikono mitupu. Eneo lile sasa limo katika hifadhi ya taifa iliyopewa jina la Alejandro de Humboldt, ambayo tangu mwaka 2001 ni urithi wa dunia.

Tusijidanganye: jina halikumwokoa ndege huyu. Aliyemmaliza ni shoka, na hifadhi ilikuja akiwa amekwisha au anakaribia kwisha. Lakini tukilinganisha nchi hizi mbili tunaona tofauti. Kuba, habari za wakazi wa milimani zilikuwa na uzito, kwa sababu neno lao halikuwa na utata. Lilipokoma kutajwa kama habari ya leo na kubaki habari ya jana, watafutaji walijua kilichopotea na tangu lini. Marekani, utata wa jina uliwachelewesha wenye kuamua, na baadaye ukazuia hata kukiri hasara.

Inafaa tutaje pia mpaka wa hoja hii. Carpintero real ni jina la hakika ndani ya Kuba tu. Argentina jina hilo hilo ni la kigong'ota mwingine kabisa, mdogo zaidi, wa jenasi ya Colaptes. Kwa hiyo jina la wananchi halimwondolei mfasiri wajibu wa kuandika jina la kisayansi pale linapotajwa mara ya kwanza.

Tai na tumbusi

Tugeukie kwetu. Je, Kiswahili hakina jina moja lenye ndege wawili ndani yake? Linalo, tena linatumika kila siku. Neno tai kwa wengi ni yule ndege wa mawindo mwenye nguvu, anayeshuka na kukamata mnyama aliye hai. Ndivyo asomavyo mwanafunzi katika hadithi, na ndivyo asomavyo muumini katika Biblia. Kwa wengine wengi tai ni yule mwenye shingo iliyo wazi, anayezunguka angani na kutua juu ya mzoga. Huyu wa pili ana jina lake, tumbusi, lakini jina hilo halitumiki sana nje ya kamusi na vinywa vya wachache.

Hili si suala la ufasaha peke yake. Mwaka 2015 spishi nne za tumbusi wanaopatikana Kenya na Tanzania ziliwekwa katika daraja la mwisho la hatari kabla ya kutoweka porini. Sababu kubwa ni sumu. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe hutia sumu mzoga ili amuue simba au fisi, na tumbusi kwa makumi hula mzoga huo wakafa. Majangili nao hutia sumu mizoga ya ndovu makusudi, ili ndege wasizunguke juu na kuwafichua. Sasa tuchukue mfano wa tangazo la wilaya lisemalo kwamba tai wanakwisha na wananchi wawalinde. Mfugaji mmoja atafikiri anaambiwa awalinde wale wanaomwibia vifaranga. Mwingine atatazama juu, amwone ndege wa mawindo akipita, aseme tai wako tele. Tangazo litakuwa limesomwa na kila mtu, na ujumbe utakuwa haukufika. Tumeona Louisiana jambo kama hilo linakwisha vipi.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza mambo matatu kwa watafsiri, walimu na watumishi wa serikali. La kwanza, katika maandishi rasmi neno tai libaki kwa ndege wa mawindo, na tumbusi litumike kwa walaji mizoga wote, bila kuyachanganya hata kwa ajili ya kupamba maneno. La pili, tunapohitaji kutenganisha spishi, tufuate njia ya Wakuba: tushike neno moja la msingi, kama vile tumbusi au kigong'ota, na tuliongezee kivumishi kifupi kinachotaja alama inayoonekana kwa macho, kama tulivyofanya kwa mdomo-pembe. La tatu, kabla ya kuunda jina jipya mezani, tuulize kwanza vijijini. Warina asali, wafugaji na wawindaji wa zamani wanayo majina ya ndege ambayo hayajaandikwa, na yale yanayomtaja ndege mmoja tu ni hazina kuliko tunavyoweza kubuni.

Tunawaomba walimu hasa watusaidie. Mwalimu akiwatuma wanafunzi waandike majina ya vigong'ota na tumbusi wa kwao, pamoja na maelezo ya rangi, sauti na mahali anapoonekana kila ndege, atakuwa amefanya kazi ambayo ofisi peke yake haiwezi. Wapo Wakuba waliozaliwa baada ya mwaka 1987 ambao wanalijua jina carpintero real, nao hawajapata kumwona mwenye jina. Sisi tungali na tumbusi angani. Tuwaandike kwa majina yao wakiwa bado wanaonekana.